Nyonga ya Mbwa Iko Mikononi mwa Anayemlisha

Hotuba ya daktari wa wanyama kwa wenye mbwa na watunzaji wao, Nairobi

Hamjambo, wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma. Asanteni kwa kuja Jumamosi asubuhi. Najua wengine mmetoka Ruai, wengine Kitengela, wengine Ngong, na barabara za wikendi mnazijua wenyewe.

Nimeombwa nizungumze juu ya displasia ya nyonga kwa mbwa wachanga wa aina kubwa. Kabla sijaanza, nina ombi. Wale walioachwa nje wakishika mbwa huku mwenye mbwa yuko ndani, waingie. Viti viko, na mbwa waingie nao, walale miguuni mwenu. Haya ninayoyasema leo ni yenu kwanza.

Nawaita ndani kwa sababu moja. Miaka yote niliyotibu mbwa katika jiji hili, maagizo nimempa mwenye mbwa, na anayeyatekeleza ni mtu mwingine kabisa. Mwenye mbwa anatoka nyumbani alfajiri kabla foleni haijaanza, anarudi usiku. Anayepika chakula cha mbwa, anayejaza sahani, anayemfungulia banda jioni, ndiye anayejua kama mbwa ameinuka vizuri au ameinuka kwa taabu. Na katika ugonjwa huu, sehemu kubwa ya matibabu haifanyiki kliniki. Inafanyika kwenye sahani, kwenye sakafu na kwenye kamba ya matembezi. Nikizungumza na mwenye pesa peke yake, nimezungumza na nusu ya watu.

Sasa tuingie kwenye mwili wa mbwa. Nyonga ni pale kichwa cha mfupa wa paja, ambacho ni cha mviringo, kinapoingia kwenye tundu la fupanyonga. Kwa mbwa mwenye nyonga nzuri, kichwa kimezama ndani ya tundu, na kano na misuli vinakishikilia pale. Displasia maana yake kiungo hicho kimekua kikiwa legelege. Kila hatua mbwa anayopiga, kichwa kinatoka kidogo na kurudi, kinagonga ukingo wa tundu, kama mchi unaokosa katikati ya kinu na kutwanga kingo. Mifupa ya mbwa mchanga bado ni laini, kwa hiyo inaharibika umbo: tundu linabaki na kina kifupi, kichwa kinapoteza mviringo wake, na gegedu, ule utando mlaini unaofunika ncha za mifupa, linachubuka. Mwili unajaribu kukituliza kiungo kwa kuotesha mfupa wa ziada pembezoni. Hapo baridi yabisi imeingia, na ikishaingia haitoki.

Mtoto wa mbwa hazaliwi hivyo. Anapozaliwa nyonga zake zinaonekana sawa. Anachorithi ni mwelekeo wa ulegevu, na mwelekeo huo haubebwi na jeni moja bali na jeni nyingi kwa pamoja. Ndiyo maana baba na mama wenye nyonga nzuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbovu. Halafu maisha yanaongezea au yanapunguza: anakula kiasi gani, anakua kwa kasi gani, anakanyaga wapi. Jeni hatuwezi kuzibadilisha mbwa akishafika nyumbani. Haya mengine yako mikononi mwetu.

Kuhusu mbwa, ugonjwa huu ulielezwa kwanza mwaka 1935 na daktari wa wanyama wa Marekani, Gerry Schnelle, na wakati huo ulidhaniwa kuwa wa nadra. Leo, katika rejesta ya OFA, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1966 kukagua picha za nyonga za mbwa, karibu German Shepherd mmoja kati ya kila watano ana displasia. Na hao ni wale ambao wenyewe walikubali kupeleka picha. Mtu akiona picha mbaya mara nyingi haipeleki. Rottweiler wamo, Labrador wamo, Golden Retriever, Saint Bernard, Boerboel. Yaani ukiorodhesha mbwa ambao mtu wa Nairobi anawatafuta akishamaliza kujenga ukuta na kuweka geti, umeorodhesha mbwa wenye nyonga za wasiwasi.

Dalili zake anayeziona kwanza ni nani? Niliwahi kuletewa German Shepherd dume wa miezi minane, jina lake Simba. Mwenyewe alisema ameanza kuchechemea wiki hiyo. Kijana anayemtunza alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kamba, kimya. Nikamuuliza yeye. Akasema, "Daktari, huyu akikimbia anaruka na miguu yote miwili ya nyuma pamoja, kama sungura, tangu akiwa wa miezi mitano. Na asubuhi akiamka anajivuta kwanza na ya mbele." Mwenye mbwa aligeuka akamtazama. Miezi mitatu kijana aliona kila kitu, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo nyinyi watunzaji, tazameni haya. Kurukaruka kama sungura anapokimbia. Kuinuka kwa taabu, hasa asubuhi za baridi. Makalio yanayoyumba anapotembea. Miguu ya nyuma kusimama karibu karibu, na mapaja kuwa membamba huku mabega yakinenepa, kwa sababu uzito ameuhamishia mbele. Kukataa kuruka kwenye gari au kupanda ngazi alizokuwa akizipanda. Kukaa chini katikati ya matembezi. Mbwa aliyekuwa mpole anayenguruma ukimshika kiunoni. Usingoje alie. Mbwa wengi wenye maumivu ya nyonga hawalii kabisa. Wanapunguza tu maisha yao, na sisi tunasema ametulia.

Ukiona hayo, mlete. Lakini usije ukiwa tayari umeamua kwamba ni nyonga. Mbwa mkubwa mchanga anaweza kuchechemea kwa sababu nyingine. German Shepherd wa miezi sita hadi kumi na miwili anaweza kuwa na uvimbe wa ndani ya mifupa mirefu, unaohama kutoka mguu huu hadi ule na kupona wenyewe. Anaweza kuwa amekatika kano ya goti. Na hapa kwetu kuna kupe: homa ya kupe huuma viungo, na nimeona mbwa wakitangazwa kuwa wagonjwa wa nyonga kumbe damu yao ndiyo ilikuwa na shida. Daktari akitaka kupima damu, mkubalie.

Kipimo cha nyonga ni eksirei, mbwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Wengi wenu mnaogopa hiyo dawa. Naielewa hofu hiyo, lakini mbwa akiwa macho hukaza misuli, misuli inashikilia kiungo, na picha inadanganya. Akiwa amelala, daktari pia anaweza kukisukuma kiungo kwa mkono na kusikia kama kichwa kinatoka na kurudi tunduni. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Ortolani, daktari wa watoto wa Italia aliyekieleza katika miaka ya 1930, na akina mama mliozaa hospitalini huenda mlimwona daktari akikunja na kupanua mapaja ya mtoto wenu mchanga. Alikuwa akitafuta jambo hilo hilo. Kuna pia kipimo cha PennHIP, kilichotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kinachopima ulegevu kwa namba tangu mbwa akiwa na wiki 16. OFA wao hawatoi cheti cha kudumu kabla mbwa hajafikisha miezi 24.

Na ukishaiona picha, tafadhali usiiabudu. Kuna mbwa ambao picha zao zinatisha na wanatembea vizuri, na wengine picha ni ya wastani lakini hawawezi kuinuka. Tunamtibu mbwa aliye mbele yetu.

Nifike kwenye jambo lililonileta hapa, nalo ni uzito. Nitakaa hapa kwa muda, mnivumilie.

Kuna utafiti mmoja ambao ningetamani kila mwenye mbwa aujue. Ulifanywa Marekani kwa Labrador 48. Waliwekwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, ndugu na ndugu, tangu wakiwa wadogo. Mmoja alilishwa kama kawaida, mwenzake akapewa chakula kile kile lakini pungufu kwa asilimia 25. Wakafuatiliwa maisha yao yote. Matokeo ya nyonga walipokuwa na umri wa miaka miwili yalichapishwa mwaka 1992: waliokula kidogo walikuwa na displasia mara chache sana kuliko ndugu zao. Mwaka 2002 yakatoka ya maisha yote: waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, umri wa kati ukiwa miaka 13 dhidi ya 11.2, na baridi yabisi ya nyonga iliwajia kwa kuchelewa. Baba mmoja, mama mmoja, chakula kile kile. Tofauti ilikuwa kipimo cha sahani. Hakuna dawa ninayoijua, kwenye rafu yangu au ya mtu mwingine yeyote, inayofanya hivyo.

Sasa hapa Nairobi tunafanya nini? Tunanunua mtoto wa Rottweiler, na sifa tunayoitafuta ni ukubwa. Jirani akisema, "Wa miezi sita tu, na ni mkubwa hivi!" tunafurahi. Tunamjazia. Ugali na matumbo asubuhi, ugali na omena jioni, katikati watoto wanamtupia chapati chini ya meza, mlinzi wa usiku naye anagawana naye mkate, na pakiti ya maziwa juu yake. Kila mmoja anatoa kwa upendo. Upendo huo wote unakaa juu ya kiungo laini ambacho bado hakijaiva.

Mbwa mchanga wa aina kubwa anapaswa kuwa mwembamba. Nasema mwembamba, sisemi mwenye njaa. Weka viganja ubavuni: mbavu uzihisi mara moja bila kubonyeza. Mtazame kutoka juu: nyuma ya mbavu kiuno kiingie ndani. Mtazame kutoka ubavuni: tumbo lipande kuelekea nyuma. Kwenye kipimo cha unene tunachotumia, moja ikiwa mbwa aliyekonda mno na tisa aliyenenepa mno, tunataka nne au tano. Majirani watakuambia humlishi. Waambie daktari ndiye aliyesema, na wakitaka waje waniulize mimi. Ukubwa wake wa mwisho uko kwenye damu yake, ataufikia. Atafika polepole tu, na nyonga zitakuwa zimepata nafasi ya kukaza.

Simba alikuwa na kilo 38 kwa miezi minane. Tulikubaliana kwamba kijana yule peke yake ndiye atakayeshika chakula. Chakula kilipimwa kwa mizani ya jikoni, si kwa kopo, kwa sababu kopo la mmoja hujaa na la mwingine hufurika. Kila wiki mbili alipelekwa kwenye duka la nafaka lililo karibu na kwao, akapandishwa kwenye ile mizani ya magunia, na uzito ukaandikwa kwenye daftari. Tuliazimia ashuke hadi kilo 32 na abaki hapo huku akiendelea kurefuka. Daftari lile liliandikwa na kijana yule, kwa mkono mzuri sana, na liliniambia mengi kuliko eksirei: leo ameinuka mara moja, leo amekataa ngazi, leo mvua ilinyesha akabaki ndani. Wenye mbwa, mnunulieni mtunzaji wenu daftari. Na mwongezeeni mshahara, maana mmempa kazi ya uuguzi.

Kuhusu aina ya chakula nitasema machache. Mbwa mchanga anayetarajiwa kufika kilo thelathini na kitu au zaidi anahitaji chakula kamili kilichoandikwa kwenye mfuko kwamba ni cha watoto wa mbwa wakubwa. Kama unapika nyumbani, na wengi tunapika kwa sababu mifuko hiyo ni ghali, mwombe daktari akupimie mchanganyiko. Usipike kwa kukisia. Nyama tupu bila mifupa humnyima kalsiamu. Ugali mtupu humnyima karibu kila kitu ila nguvu na mafuta ya mwilini.

Lakini kosa ninalokutana nalo zaidi ni la upande wa pili: kalsiamu ya kuongeza. Mtu anakwenda agroveti, anaambiwa mbwa mkubwa anahitaji mifupa migumu, anauziwa unga wa mifupa, vidonge na dawa ya maji juu yake. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hawezi kuikataa kalsiamu iliyozidi. Utumbo wake unaipokea tu. Watafiti wa Utrecht, Uholanzi, walionyesha katika miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane kwamba kalsiamu iliyozidi huvuruga ukuaji wa mifupa yenyewe. Kama chakula chake ni kamili, usiongeze hata kijiko. Wenye agroveti mlio hapa, nawaomba mliseme hili kaunta.

Jambo jingine dogo kuhusu unga: mahindi yaliyoota ukungu hayageuki kuwa chakula cha mbwa kwa sababu tu binadamu ameyakataa. Sumukuvu huharibu ini, na mbwa huyu ini lake tunalihitaji kwa ajili ya dawa za maumivu.

Twende sakafuni. Nyumba zetu mpya zote zina vigae vinavyong'aa. Mbwa mwenye nyonga legelege akitembea juu yake, miguu ya nyuma inateleza kwenda pande, na kila kuteleza kunavuta kiungo. Tandika mkeka wa mpira au zulia kuukuu pale anapopita na pale anapoinukia. Kata kucha zake, na nywele zilizo kati ya vidole. Kama analala nje, asilale kwenye saruji. Juni hadi Agosti jiji hili ni baridi, na saruji usiku ni baridi zaidi. Mtengenezee kitanda cha mbao kilichoinuka, mtandikie gunia lenye nyasi kavu, na liwe kavu kweli. Sahani ya chakula isiwe mahali anapopaswa kupanda ngazi kuifikia.

Wafugaji mnaozalisha, hili la sakafu ni lenu kuliko la wengine. Watafiti wa Norway waliwafuatilia Labrador, Leonberger, Newfoundland na Irish Wolfhound tangu kuzaliwa. Waliopanda ngazi kila siku kabla ya kufikisha miezi mitatu walipata displasia zaidi. Waliocheza nje kwa uhuru, kwenye ardhi laini isiyo tambarare kabisa, walipata kidogo. Kwa hiyo mama na watoto wake wasifungiwe kwenye banda la saruji mpaka wauzwe. Wapeni nyasi, wapeni udongo, waache wapande vichuguu vidogo wenyewe.

Mazoezi sasa. Mwenye mbwa akisikia nyonga ni mbovu, ama anamfungia mbwa kabisa, ama anasema atamkaza kwa mbio. Yote mawili yanamuumiza. Misuli ya paja na makalio ndiyo inayoshikilia kiungo kilicholegea, kwa hiyo tunaitaka misuli, bila mishtuko. Matembezi mafupi, mara tatu au nne kwa siku, kwa kamba, mwendo wa polepole kiasi kwamba mbwa analazimika kuweka kila mguu chini kwa zamu yake. Akianza kuruka kama sungura umekwenda haraka mno. Ardhi iwe ya udongo au nyasi. Njia za msitu wa Karura ni nzuri kwa hili, na kule kamba ni sharti, jambo linalotufaa sana. Mwinuko mpole, kupanda polepole, unajenga misuli ya nyuma vizuri. Mpira wa kurushwa, ule wa kukimbia kisha kusimama ghafla na kugeuka, uweke kando. Kumkimbiza nyuma ya baiskeli au bodaboda, kamwe.

Kuna zoezi moja la nyumbani ninalolipenda, kwa sababu halina gharama: kabla ya kula, mwambie akae, kisha asimame, akae, asimame. Mara tano kwanza, mkifika kumi baada ya wiki kadhaa, vizuri. Akae wima, asijilaze upande mmoja. Hilo ni zoezi la mapaja, na mshahara wake ni chakula chake mwenyewe cha siku, si biskuti ya ziada.

Mama pale mbele ameinua mkono, anauliza kuhusu kuogelea. Ndiyo, mama, kuogelea ni kuzuri sana kwa sababu maji yanabeba uzito. Lakini maji yasiwe ya barafu, mbwa avae jaketi la kuelea, mtu awe naye ndani ya maji, na bwawa liwe na mteremko au ngazi pana za kutokea. Mbwa anayehangaika kupanda ukingo wa bwawa anajiumiza zaidi ya faida aliyoipata. Kama hamna bwawa, msihuzunike. Matembezi yanatosha.

Maumivu. Hapa nawasihi. Msimpe mbwa dawa za binadamu. Brufen na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na kipimo kinachoonekana kidogo kwenu ni kikubwa kwake. Panadol nayo, kipimo kikikosewa, huharibu ini. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu. Hutolewa na daktari, kwa uzito wa mbwa, pamoja na chakula, na kwa matumizi marefu tunapima damu kuangalia ini na figo. Akitapika, au kinyesi kikiwa cheusi, simamisha dawa na piga simu siku hiyo hiyo.

Na ile sindano ya deksamethasoni ambayo mtu anapita nyumbani kumchoma mbwa, kesho yake mbwa anarukaruka na kila mtu anashangilia: haijatibu kiungo. Imeyanyamazisha maumivu, mbwa anakitumia kiungo kibovu bila breki, na baada ya siku kadhaa anarudi chini zaidi. Mbaya zaidi, ukimpa sindano hiyo pamoja na kaprofeni au meloksikamu, utumbo unaweza kutoboka, na mbwa akafa kwa dawa wakati nyonga zisingemuua. Anayemtibu mbwa wako awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Muulize. Daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Mafuta ya samaki yenye omega-3 yana ushahidi mzuri kwa viungo. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, ushahidi wake ni dhaifu; kama pesa ni za kuchagua, nunua mkeka kwanza.

Upasuaji upo, na baadhi yake una dirisha linalofungwa mapema. Kuna upasuaji mdogo wa kuunguza kiungo cha mbele cha fupanyonga ili tundu ligeuke likifunike kichwa vizuri mbwa anapokua. Unafanyika takriban wiki 12 hadi 20, umri ambao wengi hata hawajashuku chochote. Kuna wa kukata fupanyonga na kulizungusha, kwa mbwa wa miezi mitano hadi kumi ambaye bado hana baridi yabisi. Kuna wa kuondoa kichwa cha mfupa wa paja, mwili ukajijengea kiungo cha nyama. Huwafaa zaidi mbwa wepesi, lakini hata wakubwa hufanyiwa, na mafanikio yake yanategemea mazoezi ya kuanzia siku za mwanzo. Na kuna wa kuweka nyonga bandia, ulio bora kwa mbwa mkubwa na ulio ghali kuliko yote. Muulize daktari waziwazi amefanya upi, mara ngapi, kwa mbwa wa uzito gani. Kama jibu halikuridhishi, tafuta maoni ya pili. Kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo Kabete.

Lakini msitoke hapa mkidhani asiye na pesa za upasuaji hana la kufanya. Mbwa wengi wachanga hupata nafuu wanapofika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu tishu zinazozunguka kiungo zinakuwa nene na kukaza. Ndiyo maana naumia nikisikia mbwa wa miezi tisa amechomwa sindano ya mwisho kwa sababu ya picha ya eksirei. Mpeni hiyo miezi. Mpunguzeni uzito, mtulizeni maumivu, mtembezeni. Kama baada ya hapo bado anaishi kwa mateso, tutakaa chini tuzungumze, na sitawaacha peke yenu.

Na mbwa huyu asipelekwe kulinda. Kukimbia kando ya ukuta usiku kucha, kuruka kwenye geti kila gari likipita, si kazi ya nyonga zake. Anaweza kubweka, na kubweka kwa German Shepherd kunatosha kumfanya mtu afikirie mara mbili.

La mwisho ni la uzazi, na nitalisema bila kuzunguka. Mbwa mwenye displasia asizae. Hata kama ni mzuri wa sura, hata kama karatasi zake za ukoo ni za East Africa Kennel Club, hata kama umeahidiwa watoto wawili wa kuchagua. Kuhasi tunafanya, ila kwa mbwa mkubwa dume ningesubiri apite mwaka mmoja: utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2013 kwa Golden Retriever 759, uliona madume waliohasiwa kabla ya mwaka wakipata displasia mara mbili ya wale ambao hawakuhasiwa. Mpaka wakati huo ufike, geti lifungwe vizuri.

Na wewe unayekwenda kununua, usimnunue mtoto wa mbwa kando ya barabara kupitia dirisha la gari. Nenda mpaka nyumbani alikozaliwa. Mwone mama yake akitembea, akikaa, akiinuka. Omba kuona picha za nyonga za baba na mama, si kusikia habari zake. Wachache ndio watakaokuwa nazo leo. Tukiziuliza sote, kila mmoja, kila mara, mfugaji atagundua kwamba mbwa asiyepimwa hauziki, na eksirei itakuwa sehemu ya bei.

Maswali mengine nitayajibu nje. Mizani ya magunia iko kando ya mlango wa kushoto, tumeazimwa mpaka saa saba. Walio na mbwa, wapandisheni mmoja mmoja, waanze watoto wa chini ya mwaka, na anayeshika kamba ndiye aandike namba.